Fundi Asiyerudishiwa Nguo

Fundi wa nguo yeyote wa Kasuku, hapa mjini Kindu, atakuambia kwamba nusu ya kazi yake ni kushona na nusu nyingine ni kugombana. Mteja huleta kitambaa, fundi humwahidi Alhamisi, Alhamisi hupita, na nguo inapopatikana kiuno kinabana, zipu inakwama na mkono mmoja umefunika vidole. Hapo maneno huanza. Majirani husogea kusikiliza, fundi huapa kwa mama yake mzazi kwamba kosa si lake, mteja ndiye aliyenenepa, na soko zima huburudika. Ndivyo mambo yalivyo kwa mafundi wote, isipokuwa Assani. Assani alikuwa na cherehani yake chini ya kibaraza cha duka la sabuni, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna mtu aliyemrudishia hata leso.

Usidhani alikuwa fundi wa ajabu. Alikuwa fundi wa kawaida, siku nyingine hodari, siku nyingine mikono iko kwenye kitambaa na akili iko kwenye mpira. Lakini Assani alikuwa na mguu mmoja. Ule wa kushoto ulikatwa juu ya goti wakati wa vita, na tangu siku hiyo watu wa Kindu, ambao kwa kawaida hawamsamehe mtu neno, walimfunika huruma kama blanketi. Na blanketi, kwa jua la Kindu, linachosha.

Walimsaidia mno. Asubuhi moja alisimama kando ya barabara akimngojea muuza nyuzi. Kijana wa pikipiki akasimamisha chombo chake, akashuka, akamkumbatia kiunoni na kumvusha barabara mpaka ng'ambo. "Mungu akulinde, papa," akasema, akaondoka na moshi wake. Cherehani ilikuwa upande ule alikotolewa. Assani alikuwa bado anatafuta nafasi ya kurudi, mama mmoja wa kanisani akamshika kiwiko bila kumuuliza na kumvusha tena. Huyo alimshukuru kwa moyo, maana naye alikuwa amebahatisha tu, ila alibahatisha vizuri.

Hata kwenye mabishano ya mpira walimwachia ashinde. Siku moja alitaja kwa makusudi mchezaji ambaye alikuwa ameshakuwa babu, akasema ndiye atakayefunga Jumapili. Vijana wakatazamana, wakautazama mguu usiokuwepo, kisha mmoja akasema, "Uko na haki, papa Assani." Assani alirudi nyumbani na hasira ambayo hakuwa na pa kuiweka.

Kilichomtia wasiwasi kabisa ni koti la shemasi Mardochée. Lile kosa la kwanza halikuwa la makusudi, nataka mjue hivyo. Alishona mfuko wa kifuani juu chini, mdomo wake ukatazama ardhi. Alipogundua, shemasi alikuwa tayari amesimama mbele yake, basi Assani akaandaa utetezi: homa, giza, mkasi mbovu. Mardochée akavaa koti. Akatoa kalamu yake, akaitafutia mdomo wa mfuko juu, akaukosa, akaupata chini, akaiingiza, kalamu ikaanguka. Akaiokota. Akautazama mguu wa Assani.

"Imetoka muzuri, fundi," alisema. "Mungu iko mwema." Akaenda zake, kalamu mkononi.

Jioni Assani alimwambia mkewe, "Zaina, miye siyo fundi tena. Niko tu sanduku ya sadaka."

"Watu wanakuonea huruma, weye unakasirika," alisema Zaina. "Sasa wakikutukana, utafurahi?"

"Sana."

Zaina akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Lakini kati ya watu wote waliomwonea huruma, mmoja tu ndiye aliyemuumiza kweli, naye ni Mamy, mdogo wake Zaina. Mamy alikuwa na kinu chake sokoni, anatwanga na kuuza sombe, majani ya muhogo, na ulimi wake ulitwanga kuliko mchi. Shemeji ni mtani, na Mamy aliushika utani huo kama wengine wanavyoshika swala. Kabla ya vita hakupita asubuhi bila kumpitia Assani na kumtukana vizuri: anavyokoroma, anavyochelewa, anavyocheza ngoma kama mtu anayeua mende. Assani naye alijibu. Watu waliacha biashara zao kuwasikiliza, na siku ambayo Mamy hakupita, Assani alishona bila raha.

Ugomvi wao wa mwisho ulikuwa wa libaya, blauzi ya kitenge chenye maua mekundu aliyomshonea mwanzoni mwa mwaka ule wa njaa. Bega moja lilifura, jingine lililala.

"Shemeji," Mamy alisema akiinyoosha libaya mbele ya soko zima, "hii umenishonea miye, ao umeshonea muntu mwenye jipu ku bega?"

"Siyo kosa yangu. Ni bega yako njo imepunguka."

Mamy aliapa kuirudisha irekebishwe. Hakupata nafasi. Mji ulizungukwa, wenye bunduki wa ndani wakawazuia watu kutoka na wenye bunduki wa nje wakawazuia kuingia, treni ikalala, na chumvi ikawa kitu cha kufungwa kwenye pembe ya kitenge kama dhahabu. Watu waliiba njia kwenda mashambani kutafuta mihogo. Assani naye alikwenda, na risasi ambayo haikuwa na sababu yoyote naye ikamkuta gotini.

Zaina na Mamy ndio waliomleta mjini, amelazwa juu ya baiskeli, kinga kwa lugha ya Kindu, mmoja akisukuma, mwingine akimshikilia. Njia nzima Mamy hakuacha kumtukana. "Assani, usikufe," alisema. "Ukikufa na hii libaya haijatengenezwa, nitakuja kukutukana ku kaburi. Unasikia? Muvivu weye. Hata kinga unataka kusukumwa." Na Assani, ambaye damu yake ilikuwa inabaki njiani, alikataa kufa kwa sababu alikuwa bado anatafuta jibu.

Alipozinduka hospitalini, mguu haukuwepo. Alilijua hilo, lakini kwa namna fulani hakulisadiki. Alimngojea Mamy. Alikuwa amepata jibu kuhusu baiskeli, jibu zuri sana. Mamy akaingia na chumvi kidogo kwenye jani, akaiweka kitandani, macho chini, akasema kwa sauti ya msibani, "Pole, baba." Hapo ndipo Assani aliposadiki kwamba mguu umekwenda.

Kilichotokea ni kwamba mama mkwe wake alikuwa ameketi pale kando ya kitanda, na alikuwa amewakusanya binti zake na kuwaonya: mcheka kilema hafi bila kumfika. Methali hiyo wote tunaijua, na ni ya kweli. Lakini methali ni kama dawa ya hospitali, ukiinywa chupa nzima inaweza kukuua. Tangu siku hiyo Mamy alimwita Assani "baba". Kila Ijumaa alimletea samaki aliyeondolewa miiba yote, kana kwamba risasi ilimpata kwenye meno. Utani ukaisha. Libaya haikutajwa tena.

Sasa, Aïcha alipochumbiwa, Assani alipata tumaini. Aïcha ni binti yake, alizaliwa baada ya vita, na katika ukoo wa Zaina kuna desturi moja ya arusi ambayo haijawahi kurukwa. Wakwe wanapokuja kumchukua bibi arusi, mama mdogo au mama mkubwa wa binti, yaani ndugu wa kike wa mama yake, huweka kinu mlangoni na kukikalia. Hapo huyataja makosa yote ya baba wa binti, kwa sauti, mbele ya wakwe, hakuna kuficha. Baba husikiliza, kisha hucheza. Akishacheza kinu kinaondolewa na binti anatoka. Wazee walisema aibu iliyotajwa mlangoni haiwezi kumfuata mtoto huko anakokwenda, na kwamba binti ambaye baba yake hakutajwa ametoka kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Na aliyepaswa kukalia kinu ni Mamy. Assani alihesabu kwamba huruma ni huruma, lakini desturi ni desturi. Atatukanwa tu. Alianza kufanya mazoezi ya kucheza nyuma ya nyumba, yeye na fimbo yake, na kuku walikuwa wanampisha.

Wakwe walikuja kujitambulisha siku ya Ijumaa. Baada ya swala Assani alitoka msikitini, akaketi kwenye ngazi ya mwisho kufunga kiatu, na kwa sababu ya joto akavua kofia na kuiweka kando, imefunua mdomo. Mzee mmoja mgeni, mwenye vumbi la njia ya Kailo kwenye suruali, akashuka ngazi. Akasimama. Akatumbukiza kwenye kofia mkate na kipande cha sabuni.

"Pokea, ndugu yangu," alisema. "Hujafa hujaumbika." Akampapasa kichwa, akaenda kabla Assani hajafunga mdomo.

Zaina hapendi kutupa kitu. Sabuni ile aliiweka kwenye sahani karibu na birika, wageni wanawie mikono. Alasiri wakwe wakaingia, na mbele yao alikuwa mzee Bulaimu, baba wa bwana arusi, mwenye vumbi la njia ya Kailo kwenye suruali. Alimkuta baba mwenye nyumba amekalia kiti kikubwa, kofia ileile kichwani. Bulaimu akamtambua. Akageuka anawe mikono ili apate pa kutazama, na mkononi mwake ikatua sabuni yake mwenyewe.

Alinawa muda mrefu sana. Assani alijizuia, maana mtu mzima hamcheki mkwe siku ya kwanza, lakini moyoni alifurahi. Hiki ndicho kitu cha kutaniana nacho miaka kumi. Alimngojea Bulaimu aseme neno, ajicheke, ili yeye naye amwambie kwamba mkate ulikuwa mgumu. Bulaimu hakusema. Aibu yake yote aliigeuza kuwa huruma, tena maradufu. Alikataa kukalia kiti, akakaa kwenye mkeka. Alipoelezwa habari ya kinu mlangoni, alishika kifua.

"Hapana," alisema. "Hii sisi tunasamehe. Baba mukwe asichoke."

Nyumba nzima ikashusha pumzi. Hilo ndilo walilokuwa wakilitaka wote, ila hawakujua nani aanze. Amisi, mdogo wake Assani, akasema yeye atasimama mahali pa kaka yake na kucheza. Amisi alikuwa anatafuta sababu ya kucheza mbele ya watu tangu alipozaliwa.

"Miye niko hapa," alisema Assani.

"Ndiyo, yaya, uko hapa," Amisi alimjibu kaka yake kwa upole. "Pumuzika." Wakaendelea kupanga, maneno yakipita juu ya kichwa chake, kama watu wanaojadiliana kuhusu kabati litakaa wapi.

Aïcha ndiye aliyebaki baada ya wageni kwenda. Alikuwa anakusanya sahani. "Papa," alisema bila kumtazama, "kama weye huchezi, miye natoka ku nyumba ya nani?"

Usingizi ulimkataa Assani, na kesho yake alikwenda sokoni mpaka kwenye kinu cha Mamy.

"Mamy, ukalie kinu siku ya Aïcha. Unitaje."

Mchi ulisimama hewani. "Baba, usiniombe hivyo. Mama alisema. Niko na watoto, wote wako na miguu."

"Usiniite baba. Miye siyo baba yako, tuko sawa miaka." Alishika ukingo wa kinu. "Ile risasi ilikamata mguu moja. Moja tu. Ile ingine yote, ninyi njo mulikamata. Mguu nilishazoea kuukosa. Weye, sijazoea."

Mamy alianza tena kutwanga, kwa nguvu kuliko sombe ilivyohitaji. Assani akaondoka.

Wiki ileile Bulaimu alikuja kwenye kibaraza na kitambaa cheupe kizuri. Alitaka kanzu ya kuvaa siku ya arusi, na alitaka ishonwe na mkono wa mkwe wake. Assani aliona kabisa kwamba hii ni sabuni ya pili. Akamshukuru, akachukua vipimo, na usiku akapata wazo ambalo Zaina, kama angelijua, angemfungia ndani.

Kwanza alishona kanzu nzuri. Aliishona kwa akili zote, mpira ukasubiri, mishono imenyooka, kola imelala vizuri. Akaikunja na kuificha kwenye droo ya cherehani. Halafu akanunua kitambaa kama kile na kushona kanzu ya pili, ambayo mkono wake wa kulia ulipita vidole na wa kushoto uliishia kwenye kiwiko. Akajiambia: akiirudisha, ni mkwe wangu, nitampa ile nzuri palepale. Akiivaa, basi ni mtoa sadaka kama wengine, na Amisi acheze.

Bulaimu aliijaribu mbele yake. Mkono wa kulia ukapotea. Wa kushoto ukatoka wote nje mpaka kiwiko, na saa yake juu yake. Assani alisimama kwa fimbo, amejiandaa kwa ugomvi, moyo unamdunda kwa hamu. Uso wa Bulaimu ulikwenda mpaka Kailo ukarudi. Akautazama mguu.

"Mashallah," alisema hatimaye. "Hii mukono mufupi itanisaidia wakati ya kutawadha."

Assani akaketi. Alitamani kulia, na kusema kweli alilia kidogo, akijifanya anatafuta sindano.

Siku ya arusi, ndoa ilifungwa msikitini, kisha ngoma zikawaleta wakwe nyumbani kumchukua Aïcha. Bulaimu aliongoza. Alitembea kwa heshima, mkono mmoja ukimfuata kama tawi lililovunjika na mwingine ukitangulia uchi. Watu walimtazama, wakautambua mkono wa fundi, wakainama chini. Shemasi Mardochée, aliyealikwa kama jirani, alikuwa amevaa lile koti lake, kalamu mkononi. Mama mkwe, sasa mzee sana, aliketi kivulini. Assani alikuwa amewekwa kwenye kiti pembeni, mto mgongoni na mto mwingine mahali pa mguu usiokuwepo. Amisi alikuwa tayari uwanjani anajinyoosha viungo.

Mamy alifika mwisho, kinu kichwani, kama desturi inavyotaka. Alikuwa amejifunika mtandio mkubwa mpaka kidevuni ijapokuwa jua lilikuwa kali. Alikitua kinu mlangoni na kukikalia. Ilikuwa imekubaliwa kwamba atasema sala fupi, Amisi atacheza na mambo yataisha. Akafungua kinywa aanze sala, na macho yake yakatua kwenye kanzu ya Bulaimu.

Aliutazama mkono mrefu. Akautazama mfupi. Kitu kikaanza kumtikisa mabega. Alibana midomo, akaziba uso kwa kiganja, lakini kicheko cha miaka ishirini na ushee hakizibwi kwa kiganja. Kikamtoka. Alicheka mpaka akashika kinu kwa mikono miwili.

"Mamy," mama yake aliita kutoka kivulini. "Mucheka kilema hafi bila kumufika."

"Mama, sicheki kilema." Mamy alifuta machozi. "Nacheka Assani. Mumeona ile mukono? Huyu njo Assani yetu, hajakufa, iko anashona vibaya sawa zamani. Sisi njo tulimuzika muzima."

Akauvua mtandio. Ndani alikuwa amevaa libaya ya maua mekundu, iliyochakaa, inambana kila mahali, bega moja limefura, jingine limelala. Assani aliitambua kabla hajaelewa anatazama nini. Akajisogeza mbele, mito yote miwili ikaanguka chini.

"Sikieni, wakwe," Mamy alisema, na sauti ilikuwa ile ya kabla ya vita. "Huyu munaona pale njo baba ya Aïcha. Ni mwongo. Akisema Alhamisi, usiulize ya mwaka gani. Anakoroma mpaka mbuzi ya jirani inaamuka. Siku ya arusi yake mwenyewe alichelewa, alikuwa anaangalia mpira, dada yangu analia. Na kushona kwake, angalieni hii bega. Nilisukuma huyu muntu ku kinga ili atengeneze hii bega, na mpaka leo hajatengeneza. Na ninyi wote munamuambia Mungu iko mwema." Akamgeukia Mardochée. "Mungu iko mwema, shemasi, hatukatai. Lakini ile mufuko imepinduka."

Shemasi akakitazama kifua chake kwa mara ya kwanza bila huruma. "Kweli imepinduka," alisema taratibu.

Amisi alipiga hatua mbele aanze kucheza. Mamy akamzuia kwa mchi. "Weye kaa. Hujatajwa." Kisha akamtazama Assani, na kabla mtu yeyote hajakimbilia kumnyanyua, akamuuliza, "Shemeji. Utasimama na fimbo yako, ao unataka bega?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu kumuuliza. Ilimbidi afikirie.

"Fimbo," alisema. "Bega yako siiamini, moja haina hewa. Na sogeza kinu, nipate nafasi."

Mamy akakisogeza. Ngoma zikaanza, na Assani akacheza. Alicheza kwa mguu mmoja na fimbo, akachelewa mdundo, akauwahi, akaukosa kabisa, akaenda kushoto ngoma ilipokwenda kulia. Huku nyuma watu wakaanza kuvuta kamasi. Leso zikatoka. Mama mmoja akasema "maskini" na kundi lote la wakwe likaitikia.

"Musimulilie," Mamy alisema kutoka kwenye kinu. "Hata na miguu mbili alikuwa anacheza vibaya. Ulizeni Zaina."

"Vibaya sana," alisema Zaina.

Halafu Aïcha akaangua kicheko ndani ya shela lake, na baada yake uwanja mzima. Walimcheka Assani, walicheka mabega yake, uso wake wa bidii, namna anavyouma ulimi akizunguka, kitu ambacho alikuwa akikifanya tangu ujana. Assani mwenyewe alicheka mpaka akayumba. Hakuna aliyekuja kumdaka, wote walikuwa wameshika mbavu zao, basi akashika mwimo wa mlango kwa mkono wake na kujizuia mwenyewe. Mama mkwe kivulini alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, na kitenge kilikuwa kinatikisika.

Kinu kikaondolewa. Aïcha akatoka. Alipofika mbele ya baba yake akamwinamia na kusema sikioni, "Papa, kweli unacheza vibaya," na Assani akambariki.

Ndipo Bulaimu aliposogea. Alionekana kama mtu aliyeamua kuruka mto. "Mukwe," alisema. "Pardo, unisamehe. Hii mukono."

"Iko na nini?"

"Iko fupi."

"Fupi namna gani?"

"Fupi ya kutisha. Tangu asubui watu wanafikiri nimekunja mukono juu nataka kupigana."

"Siyo kosa yangu," alisema Assani kwa furaha. "Ni weye njo umerefuka."

"Upande moja?"

"Upande moja. Njo inatokeaka kwa watu ya Kailo."

"Na ile mukate yangu, uliikula bule?"

"Ilikuwa nguvu sawa jiwe. Niliweka chini ya mashini, isitikisike."

Waligombana vizuri, majirani wakasogea kusikiliza, na Bulaimu alikuwa amemshika Assani kanzu kifuani na Assani amemshika yeye mkono ule mrefu. Ugomvi ulipoiva, Assani akamwomba Amisi, ambaye hakuwa na kazi nyingine, akimbie kwenye kibaraza na kufungua droo ya cherehani. Bulaimu akaivaa kanzu nzuri palepale uwanjani. Aliigusa kola, akanyoosha mikono yote miwili mbele, ikalingana. Akamtazama mkwe wake kwa muda.

"Weye ni muntu mubaya," alisema kwa heshima.

Jumatatu asubuhi Assani hakuweza kufika kwenye cherehani kwa sababu ya watu. Shemasi Mardochée alikuwa wa kwanza na koti lake. Nyuma yake kulikuwa na suruali zisizolingana miguu, kola zinazonyonga, sare za shule za watoto ambao sasa wana watoto wao, malalamiko ya miaka ishirini yaliyotunzwa kabatini kwa huruma. Kila mmoja alisema kwa sauti. Assani aliapa kwa mama yake mzazi mpaka koo likakauka, akawaambia wote wamenenepa, na aliwaahidi wote Alhamisi.

Libaya ya Mamy ndiyo pekee aliyoitengeneza siku hiyohiyo. Alifumua bega, akalipima, akalishona upya, akalipiga pasi. Jioni Mamy alipita na kinu chake kichwani, na mkononi alikuwa na samaki aliyekaangwa, miiba yote ndani. Akaiinua libaya kwenye mwanga, akaigeuza upande huu na upande ule, akafumba jicho moja.

"Bado imepinda," alisema, akamtupia mapajani. "Anza tena."

Assani akachukua wembe, akaanza kufumua.